Mimea ya bustani ya mvua: kabla ya kulipa, chana kiriba

Kila baada ya masika malalamiko ni yale yale: mimea ilinunuliwa imenawiri, ikapandwa kwenye bustani ya mvua, yaani bonde dogo la kupokea maji ya mabati na ya barabarani yanywee ardhini, kufika Agosti imekauka. Wengi hulaumu jua. Kosa mara nyingi limo ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche.

Mche uliokaa sana kitaluni hujizungusha mizizi chini ya kiriba, na udongo wa kinamo uliomo ukikauka huwa mgumu. Ukiupanda kwenye udongo wa kichanga, maji hupita pembeni ya donge hilo la udongo na mizizi, na mizizi haitoki. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achane kiriba. Akikataa, ondoka. Ukiwa huna mwengine wa kuchagua, loweka donge, osha kinamo, kisha kata mizizi mikato 3 ya wima.

Sasa mimea yenyewe. Namba moja ni vetiva, aina ya nyasi, na sioni wa kuikaribia. Inastahimili kuzama na ukame, na mizizi yake hushuka wima, penye udongo wa kina hufika mita 3, ikiufungua udongo upate kuchuja maji. Nunua kichaka kizima, ukipasue vipande vyenye machipukizi 2 au 3, ukate majani yabaki sm 20 na mizizi sm 10, upande kila baada ya sm 15. Inauma kuona muuzaji akikipasua kichaka hicho hicho na kutoza kila kipande bei ya mti wa kivuli! Wengine hukupa mchaichai, ambao huoza maji yakituama. Fikicha jani: likinukia ndimu, si vetiva. Vetiva hunukia mizizi tu.

Pili ni kana, ua la majani mapana, kwa pale chini panapokusanya maji. Hunyonya vizuri naitrojeni na fosforasi, lakini mabua yakiozea hapo hapo vyote hurudi udongoni. Yakisha kutoa maua, yakate uyatoe nje.

Tatu, mkindu: wa kwetu, mvumilivu, ila hukua taratibu na una miba. Uweke ukingoni, mbali na njia ya watoto.

Ukoka ni wa bure, unafaa kushika kingo. Mafunjo acha, yanataka maji daima, na bustani hii lazima ikauke ndani ya siku 2 mbu wasizaliane. Majimbi yatastawi, lakini usiyale: maji ya mabati huja na zinki, ya barabarani huja na mafuta.

Na kabla ya kwenda kitaluni, chimba shimo la sm 30, lijaze maji mara mbili. Maji ya mara ya pili yasipokwisha ndani ya saa 24, toa kinamo kwanza, utie mchanga na mboji.