Rimu na Matairi ya Gari Lililoshushwa: Uliza ET Kabla ya Kuuliza Bei

Nilikuwa nimesimama Kibaigwa, nikielekea Morogoro na wanangu wawili kwenye kiti cha nyuma, pale fundi pancha niliyemwomba aongeze upepo alipoinama nyuma ya gari, akanyamaza kidogo, kisha akaniita: "Mama, hebu njoo uone huku ndani." Kwa nje tairi lilikuwa zuri, kashata zake zimesimama kama siku niliyolinunua miezi mitatu kabla. Kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki gari likiwa chini, bega la tairi lilikuwa kipara upana wa vidole viwili, na nyuzi za chuma zilikuwa zimechomoza duara zima. Alipopitisha kitambaa juu yake, kilinasa.

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, ambayo kiwandani ilifungwa rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7 na ET50, pamoja na matairi ya 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Nilikuwa nimeweka springi fupi zilizolishusha kwa sentimita 4. Kisha nikanunua katika duka moja mjini Dodoma rimu za inchi 18 zenye upana wa inchi 8.5, pamoja na matairi ya 225/40R18, vyote kwa shilingi 1,400,000. Muuzaji alinihakikishia kwamba zinaingia bila shida. Zilikuwa ET20. Hakuitaja namba hiyo, nami sikujua kuiuliza.

ET, ambayo wengine huiita ofuseti, ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaobanwa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, hutoka nje kuelekea fenda. Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita, toa ET, nawe utapata ukingo wa nje umefika umbali gani kutoka kwenye habu. Ukijumlisha ET badala ya kuitoa, unapata ukingo wa ndani. Kwa hesabu hiyo rimu ya kiwandani ya Altezza inatokeza nje milimita 39, ilhali ile niliyouziwa inatokeza milimita 88. Hiyo ni tofauti ya karibu sentimita 5 kila upande, kwenye gari ambalo fenda zake zimekwisha kushuka sentimita 4.

Gereji iliyonifungia ilikunja kwanza midomo ya fenda, na hilo lilipokuwa halitoshi, ikayalaza magurudumu ili vichwa vyake viingie ndani. Mlalo huo mafundi wanauita kemba. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 630 hivi, kila digrii moja huingiza kilele chake milimita 5 na nusu tu. Kuficha milimita 20 kunadai karibu digrii 4, na kwa digrii 4 gari linatembelea bega la ndani la tairi, huku sehemu kubwa ya kashata ulizozilipia ikigusa lami kijuujuu. Kushusha gari peke yake huongeza mlalo, na hubadilisha pia uelekeo wa magurudumu, yaani to. Kama alaimenti, yaani kupanga upya mlalo na uelekeo huo, haikufanywa upya baada ya springi kutulia, tairi huburutwa kimshazari safari nzima, na lami ya Dodoma mchana wa Oktoba humalizia kilichobaki. Wanunuzi karibu wote ninaozungumza nao wanapima nafasi iliyopo kati ya tairi na fenda, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha. Bega la ndani halimo kwenye picha ya mtu yeyote.

Kwa hiyo ninazipanga rimu kwa kipimo kimoja: ni kiasi gani cha mlalo zitakachokulazimisha kuweka. Rangi na umbo la spoku mtachagua wenyewe.

Nafasi ya kwanza, na upendeleo wangu siufichi, naipa Enkei RPF1 ya inchi 17, upana wa inchi 8, ET45, ikivishwa tairi lile lile la 215/45R17. Ukingo wa nje unasogea milimita 18 tu kupita rimu ya kiwandani na wa ndani milimita 8, hivyo Altezza iliyoshushwa kwa kiasi haihitaji kulazwa zaidi ya alaimenti ya kawaida. Kipenyo kinabaki milimita 625, na mshale wa spidi unaendelea kusema kweli. Ukuta wa tairi una milimita 97, na kwenye matuta ya Chamwino, ukiwa na mizigo na abiria wanne, hakuna hata moja ya kupunguza. Rimu yenyewe ni nyepesi, na kila Enkei niliyowahi kuigeuza nimekuta vipimo vyake vimeandikwa wazi, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko kung'aa. Jihadhari na kitu kimoja: tundu lake la katikati ni milimita 73.1, ilhali habu ya Altezza ni 60.1. Nunua pete za kujazia nafasi hiyo, kwa sababu bila pete gurudumu linategemea nati peke yake kukaa katikati, na zikikazwa vibaya kidogo tu, usukani utatetemeka ukifika kwenye mwendo wa barabara kuu.

Ya pili ni inchi 18, upana wa inchi 8, ET40, na tairi la 215/40R18. Nje inasogea milimita 23, ndani milimita 3, na kipenyo ni milimita 629, ambacho hakina neno. Ukuta wa tairi, hata hivyo, unabaki milimita 86, na shimo moja la barabarani linatosha kupinda rimu. Angalia pia namba ya uzito: tairi la kiwandani lina 87, yaani kilo 545, lakini baadhi ya haya ya inchi 18 yana 85, yaani kilo 515. Tafuta yenye XL, yaani yaliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, na namba 89.

Ya tatu ni kubaki na rimu za kiwandani. Ni salama, na hazina gharama. Rimu za bei rahisi zisizo na maandishi yoyote nyuma, spesa nyembamba (sahani za kusogeza gurudumu nje) zisizoshika habu, na matairi ya mtumba sizipangi kabisa. Ya mwisho ni inchi 18 zenye upana wa 8.5 na ET iliyo chini ya 30, hata ukipewa kwa nusu bei.

Linaloniuma ni kwamba duka linaandika inchi na bei kwa herufi kubwa, kisha linaiacha namba inayoamua kila kitu. Niliporudi kulalamika nilijibiwa kwamba rimu ikishavishwa tairi hairudishwi. Tunaambiwa bei ya Dodoma iko juu kwa sababu mzigo umesafirishwa kutoka Dar es Salaam; basi kwa bei hiyo muuzaji aweze angalau kuigeuza rimu na kusoma kilichoandikwa nyuma yake. Kama hakuna maandishi, nenda na futi kamba na ubao ulionyooka. Laza rimu kifudifudi, weka ubao juu ya ukingo wa nyuma, na upime kutoka kwenye ubao hadi uso unaokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa rimu, ukingo kwa ukingo. Ukipata milimita 160 kwa rimu yenye upana wote wa milimita 230, hiyo ni ET45.

Ukishafunga, paka chaki chini ya mdomo wa fenda, jaza abiria, pita juu ya tuta, kisha utazame chaki imefutika wapi. Kila mwezi piga jeki na umulike bega la ndani kwa tochi ya simu, wala usilipapase kwa kiganja kitupu. Na siku ya kununua, kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti upana, ET na tundu la katikati, kisha chini yake aandike kwamba zisipoingia bila kulaza gurudumu, atazipokea zikirudishwa.