Uzoefu wangu: kuendesha kompaila yangu ndani ya DDD

Ninaandika kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ndogo kwa C, ya lugha niliyoibuni ya kujifunzia tu. Inatumika terminalini: unaipa faili, inakutemea asembli, lugha iliyo karibu na ya mashine. Nilipoongeza alama ya kutoa, `9 + 4` ikaendelea kupita vizuri, lakini `9 - 4` ikaiangusha na ujumbe mmoja: `Segmentation fault`.

GDB tupu (dibaga ya terminalini, yaani programu ya kutafutia hitilafu) ilinionyesha fanksheni ileile ikijiita maelfu ya mara. Nikachapisha nodi (vipande vya mti ambao kompaila huujenga kutokana na msimbo) moja baada ya nyingine kwa `p *n`, macho yakachoka na anwani za heksadesimali. Ndipo nikafungua DDD, ambayo kwa ndani ni GDB hiyohiyo, ila inakuchorea data.

Kuingiza kompaila humo si kazi: unaandika `ddd ./komp`, kisha kwenye menyu ya Program unabonyeza Run na kujaza jina la faili kama ungefanya terminalini. Ijenge kwa `-g -O0` lakini: `-g` huweka taarifa za dibaga, `-O0` huzima uboreshaji wa kasi. Mimi nilisahau `-O2` yangu (inayouwasha uboreshaji huo) mle, vigeu vikanijibu `<optimized out>`.

Utamu uko kwenye michoro. Ukibonyeza pointa (kigeu kinachoshika anwani ya data nyingine) mara mbili, kisanduku kinafunguka na mshale wake. Nikabonyeza, kikaja kisanduku. Nikabonyeza tena, kingine kilekile, mpaka vikapangana kama mabehewa. Nikawasha Detect Aliases kwenye menyu ya Data, inayounganisha visanduku vya data ileile. Mabehewa yote yakawa kisanduku kimoja, na mshale umejipinda na kukirudia chenyewe! Nilikuwa nimeandika:

`kushoto = nodi_mpya(KUTOA);`
`kushoto->a = kushoto;`

Nodi imejizaa. Nilicheka peke yangu.

DDD naipa alama nne kati ya tano. Sura yake ni ya miaka ya 1990, maandishi madogo mno kwenye skrini yangu, na Detect Aliases huipunguzia kasi, kwa hiyo naizima nikimaliza.

Kwa gcc, kompaila maarufu ya C, usitarajie wepesi huo. Nilijaribu na gcc niliyoijenga mwenyewe, ikapita mbio breki zangu zote (breakpoints, mahali nilipoiambia isimame). Kumbe `gcc` ni msimamizi tu: anamwita `cc1` atafsiri, kisha `as` (asembla), kisha `ld` (kiunganishi), kila mmoja kwenye mchakato wake, na dibaga imebaki imemshika msimamizi. Andika `gcc -### faili.c`, chukua mstari wa `cc1`, huo ndio wa kuendesha ndani ya DDD.