Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeitumia msimu mzima wa theluji

Naendesha basi Steamboat Springs, Colorado. Kituo changu cha mwisho kiko chini ya Mlima Werner, na kila mzunguko nasubiri pale dakika 10. Hizo ndizo zilizonifanya ninunue lenzi hii ya kupigia chembe za theluji picha za karibu, dola 22.

Nianze na ubaya. Mpira wa kibanio ukipigwa na baridi unakuwa mgumu kama kwato. Mara mbili imeniponyoka. Ya pili niliichakura thelujini kwa mikono mitupu huku abiria wananitazama. Tena usiiweke mfukoni, maana ikitoka na joto, theluji inayeyuka kabla hujapiga picha. Yangu inalala nje ya basi. Na ukiinama kupiga, bana pumzi.

Ila picha zake, jamani! Natandaza glavu nyeusi ya sufu, naacha theluji iangukie. Asubuhi moja ya Januari zilishuka nyota za matawi sita, hadi vijitawi vinaonekana. Hizo hukulia kwenye wingu lenye nyuzi 15 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Siku nyingine zikaja sindano tupu, ambazo ni za karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Marangu nimekua naiona theluji juu ya Kibo kama kofia tu. Nani alijua ina sindano?

Ninazozipenda zaidi ni zile nyota zilizochakaa, zimejaa vinundu kama zimemwagiwa mtama. Vinundu hivyo vilikuwa vitone vya maji. Wingu linaweza kupoa chini ya sifuri na vitone vyake visigande. Vinangoja chembe ya vumbi inayofaa, na vikiikosa vinaweza kuvumilia hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Lakini vikigusa barafu, vinaganda papo hapo. Kati ya nyuzi 3 na 8 chini ya sifuri, kuganda huko kunaweza kurusha vibanzi vya barafu, na kila kibanzi kikaanza kukua chenyewe. Wanasayansi Hallett na Mossop walionyesha jambo hilo maabara mwaka 1974. Ndivyo wingu lenye vumbi haba linavyoweza kujaa barafu.

Vibanzi vyenyewe lenzi hii haivioni, tangazo lisikudanganye. Kule juu mlimani, mita 3,220, maabara ya Storm Peak mara nyingi inakuwa ndani ya wingu lenyewe, na ina vyombo vya kazi hiyo. Mimi nina glavu.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiinunua, ifunge uzi. Yangu nimeifunga kamba ya kiatu.