Nimeandika mashairi ya baba kwa Markdown mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Wanaoisifia Markdown, ule mtindo wa kuandika maandishi ya tovuti kwa alama chache za kawaida, wengi ni maprograma, mie kazi yangu ni mashairi kwa hiyo naongea kwa upande huo. Baba ana madaftari matano, mengine wino umeanza kufifia, tukakubaliana niyaweke kwenye tovuti wajukuu wayasome. Mwanzo nilikuwa nachapa kwenye Word halafu nakopi napesti kwenye tovuti, aisee, kila ubeti unakuja na fonti yake, nafasi zimeachana hovyo, ukichungulia HTML yake, yale maagizo yanayoupanga ukurasa wa tovuti, unakuta takataka tupu, shairi moja kulirekebisha inaisha jioni nzima. Kijana wa jirani ndo akanambia hamia Markdown, ni bure.

Ni faili la maandishi matupu tu, mwisho wa jina unaweka .md. Kichwa cha shairi unatanguliza alama ya reli # na nafasi moja, neno la mlalo unalizungushia nyota moja, la kukoza nyota mbilimbili, hapo waliozoea WhatsApp wawe macho maana kule nyota moja ndo inakoza. John Gruber aliitoa mwaka 2004, Aaron Swartz akiwa amemsaidia, na alichotaka ni faili lisomeke hata kabla halijageuzwa kuwa HTML. Hilo kalipatia kweli. Nikimprintia baba faili lenyewe kama lilivyo analisoma na kusahihisha vina vyake kwa kalamu, hajawahi kuniuliza hizi nyota za nini.

Sasa tatizo, na kwa mtu wa mashairi ni kubwa. Niliandika hivi:

Mvua imenya jana, wakulima wafurahi,
Mbegu tumegawiana, twende mapema subuhi,

kwenye tovuti ikatoka mstari mmoja mrefu, mishororo yote imeshikana kama barua! Ukibonyeza Enter mara moja yenyewe inaona bado uko kwenye aya ileile, lazima mwisho wa mshororo uache nafasi mbili, na nafasi hazionekani kwa macho, mbaya zaidi kihariri changu, programu ninayochapia, kilikuwa kinazifuta kila nikisevu, nikahangaika siku tatu sijui nimekosea wapi. Dawa niliyoipata ni mkwaju uliolalia nyuma, huu \, unauweka mwisho wa mshororo. Ila programu niliyoanza nayo ilikuwa haiutambui, ikabidi nihamie inayofuata CommonMark, ule mwongozo uliotoka 2014 kwa sababu kila programu ilikuwa inaisoma Markdown kivyake. Kama unaanza leo anzia hapo hapo usipoteze muda kama mimi.

Kingine ambacho sisi wa Kiswahili kitatukuta ni ng'ombe. Mdogo wangu alinisaidia kuchapa daftari la pili, yeye badala ya ritifaa alikuwa anabonyeza kile kialama cha juu kabisa kushoto kwenye kibodi, anaandika ng`ombe, ng`ambo, kwa macho huoni tofauti kubwa, lakini Markdown ikikuta viwili kwenye aya moja inadhani katikati yake ni maagizo ya kompyuta, basi nusu ubeti ukageuka maandishi ya tapureta yenye kivuli cha kijivu. Nilitafuta na kubadilisha daftari zima kwa mkupuo, yakaisha. Na baba chini ya shairi huandika mwaka na mahali, "1978. Tanga", ikageuzwa kuwa orodha yenye namba, hapo unaweka ule ule mkwaju kabla ya nukta.

Ambacho bado hakijanikalia sawa ni vipande, yaani zile nusu mbili za mshororo. Baba kwenye daftari huandika ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili, katikati kaacha uwazi mpana, vina vya kati vinashuka wima ukiviangalia kama nguzo. Markdown hata uache nafasi ishirini kwenye ukurasa inatoka moja. Nilijaribu jedwali, likatoka na kichwa na mistari kama risiti ya duka, baba akakataa katakata. Kwa sasa natenganisha kwa mkato tu na yale mashairi sita aliyosema lazima yakae kwa nguzo nimeyaandikia HTML kwa mkono ndani ya faili hilohilo, inaruhusu.