Usukani mpya, fyuzi tatu kwa siku moja

Hamjambo watu wangu, karibuni tena. Leo sitakawia na salamu, maana nina hasira. Usukani huu wa pikipiki mnaouona nimefungiwa Jumamosi kwenye duka moja pale Kirinyaga Road, Nairobi, kule wengi bado tunakuita Grogan. Shilingi 2,800, na kufunga 500. Tazameni nikikaa: mabega yamefunguka, mgongo umenyooka. Ukishinda kwenye pikipiki kutwa nzima, tofauti utaisikia kiunoni. Nimeupenda kabisa.

Sasa sikilizeni. Natoka dukani, nafika Ngara, nakata kona ya kushoto: indiketa kimya, honi kimya, taa ya breki haiwaki. Matatu iko nyuma yangu! Nasogea kando, nafungua, fyuzi imeungua. Naweka nyingine, naenda vizuri tu hadi kona ya pili. Imeungua tena. Ya tatu ilinifia getini kwangu. Nampigia fundi, ananiambia, "Weka kubwa zaidi, ndugu yangu, itashika."

Hapana! Usiweke fyuzi kubwa, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fyuzi inaungua ili waya zako zisiungue. Ukiizuia, moto unahamia ndani ya waya, chini ya tangi la petroli.

Fanyeni hivi. Kaka, sogeza kamera hapa. Hii ni balbu ya taa ya breki, volti 12, wati 21. Nimeiunga waya mbili. Nachomoa fyuzi, waya mmoja huku, mwingine huku, pale pale fyuzi ilipokuwa. Nazima kila kitu, nawasha ufunguo. Balbu haiwaki. Mahali popote umeme ukigusa fremu, balbu itawaka kwa nguvu, na haitapitisha hata ampea 2, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Haya, nageuza usukani kulia. Hamna kitu. Katikati, hamna. Kushoto, polepole... mmeona? Imewaka! Narudisha, inazima. Kushoto, inawaka. Naweza kuifanya hivi mpaka jioni, na sijatumia fyuzi hata moja.

Sasa napapasa waya huku balbu inawaka. Swichini, penye vitufe vya honi na indiketa, bado inawaka. Hapa kwenye shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu... imezima. Ndipo hapa. Usukani huu ni mrefu kuliko wa zamani, lakini waya ni zile zile fupi. Fundi amezivuta, akazipitisha mbele ya shingo, na nikikata kushoto zinabanwa kwenye chuma. Ona ngozi ilivyochubuka, shaba iko nje. Fremu nzima ni hasi ya betri, kwa hiyo chanya ikigusa tu, fyuzi imekwenda.

Na kuna jingine limeniuma zaidi. Ndani ya swichi kuna kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani. Huu mpya hauna tundu. Badala ya kutoboa, amekikata kijino kwa tupa! Sasa swichi inazunguka mkononi nikibonyeza honi, na waya zinajisokota nayo.

Mwanzoni nilitaka kuwaambia msinunue usukani huu. Nimebadilisha mawazo. Ule wa chuma wa bei nafuu niliouonyesha mwezi jana ni mzito na unapata kutu, huu ni bora. Ila kwa 2,800 wangeweka hata tundu la swichi. Mlioniandikia kuhusu pikipiki za umeme, video yake naitengeneza, nipeni wiki mbili, na ambaye hajabonyeza kengele abonyeze asiikose.

Nimeunga waya, nimezirefusha, nimezipitisha nyuma ya shingo. Balbu tena: kulia, katikati, kushoto kabisa. Haiwaki. Swichi ndiyo bado inazunguka, na kesho asubuhi narudi Grogan na balbu hii mkononi, nimwonyeshe fundi, na anilipie swichi yangu.