Mhadhiri wa masoko ya mazao: mkali, lakini anasoma kazi yako

Mnaoingia mwaka wa pili hapa Mtwara, msiliogope somo la masoko ya mazao kwa sababu ya sifa za mhadhiri wake. Nimelimaliza muhula huu, na sijawahi kusahihishiwa kazi namna hii.

Insha yangu ilihusu stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, kisha yanauzwa kwa mnada; mfumo huo ulianza kwenye korosho za mkoa huu mwaka 2007. Niliandika kuwa mnada umeinua bei. Hakuchora alama ya mkasi. Aliandika pembeni: "Bei ya mnada siyo inayomfikia mkulima. Toa makato ya chama cha msingi cha ushirika, ghala na usafirishaji, kisha nieleze mama wa Tandahimba amebaki na kiasi gani kwa kilo." Baba yangu analima korosho, kwa hiyo swali lile lilinigusa kweli. Nilimpigia simu jioni ileile anisomee karatasi zake za malipo.

Nilipata 64, B+. Nilipomfuata ofisini alinionyesha aya kwa aya kilichoninyima A, bila kunikaripia. Walimu wengi huandika namba juu ya jalada, basi.

Kasoro ni ucheleweshaji. Alama za majaribio, 40 kati ya 100, zilibandikwa wiki ya mtihani wenyewe, na waliokuwa chini hawakupata nafasi ya kujipanga. Hili aliangalie, maana maoni mazuri kama yale yanatakiwa mapema.

Kazi zako zifuate ofisini kwake kabla ya likizo. Karani hazihifadhi muda mrefu.