Majina: kwenye laini au kwenye simu?

Wenye Nokia 6310i zao, simu ya vitufe ya mwaka 2002, walikuwa wakibishana: majina ya wateja yakae kwenye laini (kadi ya simu) au kwenye simu yenyewe? Laini za kawaida hubeba majina 250 hivi, kila jina namba moja, na jina refu hukatwa: "Mzee wa karafuu Wete bandarini" hubaki nusu. Lakini simu ikilowa maji ya chumvi kwenye boti ya Mkoani, Pemba, unachomoa laini, unaitia simu nyengine, wateja wote wapo. Simu yenyewe ina nafasi zaidi: jina moja hubeba namba za dukani, nyumbani na ofisini, hata barua pepe. Ikifa, basi tena, labda uwe umenakili kwenye kompyuta (nani hufanya hivyo?). Gharama za njia hizi mbili hazipishani. Anayebadili simu kila mara, aweke kwenye laini. Mwenye wateja Unguja, Dar na Dubai, kwenye simu.